Chuo Kisicho na Joho

Jino la mbele la mama yangu nililivunja mimi, kwa kijiko cha supu, nikidhani ninamwokoa.

Ilikuwa asubuhi, chumbani kwetu Soweto West, Kibera. Mama alikuwa anachuja chai, mimi najifunga leso niende Silanga, ambako nauza makaa. Nilisikia sufuria ikianguka kwanza, kisha yeye. Mama ana ugonjwa wa kuanguka, kifafa, tangu nikiwa darasa la nne huko kwetu upande wa ziwa. Lakini huko alikuwa na dada yake wa kumshughulikia, na mimi nilikuwa mtoto wa kufukuzwa nje nisione. Dada yake alipofariki nikamleta Nairobi tuishi pamoja, na hii ilikuwa mara yake ya kwanza kuanguka tukiwa wawili tu. Nikapiga kelele. Majirani wa ploti nzima wakaingia. Mmoja alimkalia miguu, mwingine akawasha njiti ya kiberiti akampitishia puani, mwingine akavua kiatu chake ili mama anuse. Na wote kwa pamoja wakasema, "Kijiko! Weka kijiko, atajing'ata ulimi!"

Nikakitia. Meno yalikuwa yameumana kabisa, nami nikasukuma. Nikasikia kitu kikipasuka, sauti ndogo tu kama ya njugu, kisha damu ikaja.

Kwenye zahanati, nesi aliuangalia mdomo wa mama, halafu akaniangalia mimi.

"Nani aliweka kijiko?"

Nikasema ni watu. Akasubiri. Nikasema ni mimi.

"Usiwahi weka kitu kwa mdomo ya mtu ameanguka. Kitu yoyote. Hiyo jino ingeteremka ikaingia kwa mapafu, saa hii tungekuwa tunaongea mambo ingine. Hayo mengine enda usomee huduma ya kwanza. Mimi niko na laini ya wagonjwa imefika mpaka geti."

Sikumchukia. Nilichukia kwamba alikuwa amesema kweli mbele ya mama, ambaye alikuwa ameketi pale na pamba mdomoni, akijifanya hasikii.

Tulipofika nyumbani mama alisema sentensi moja tu: atarudi kwetu. Nikajua maana yake. Kwetu hakuna mtu tena. Kuna nyumba, kuna kuku wa jirani, na kuna mto ambako mama huchota maji peke yake. Mtu wa kuanguka na mto ni vitu vya kutenganishwa, hata mtoto mdogo analijua hilo. Nilijua kwamba nikimpandisha gari, siku moja nitapigiwa simu. Nikamwambia hivyo hivyo, bila kuzungusha maneno. Akasema afadhali mto, mto haukai kumtazama mtu. Hapa ameshaonwa na kila mtu, nguo juu, amejikojolea, watu wanachungulia mpaka dirishani, na wengine sasa wanavuta watoto wao akipita, eti mate yake yanaambukiza.

"Jino si kitu, mtoto wangu," alisema. "Nimechoka kuamka nikiwa sinema."

Nikamwomba miezi mitatu. Nikamwambia nitasoma, nitajua la kufanya, na sitaruhusu mtu amtazame. Akakubali. Miezi mitatu, na nikishindwa nimpeleke steji ya mabasi mwenyewe. Tangu siku hiyo akaacha kutoka chumbani. Hata kanisani hakwenda.

Sikujua kwamba Nairobi ina shule za huduma ya kwanza nyingi kuliko huduma yenyewe. Mara tu nilipoanza kuangalia, niliziona kila mahali. Kwenye nguzo za stima, chini ya matangazo ya waganga wa kurudisha mapenzi, kulikuwa na karatasi: jifunze kuokoa maisha, siku mbili, cheti papo hapo. Nyingine ilisema siku moja. Kulikuwa na moja ya Riruta iliyosema hakuna haja ya kufika. Nilipopiga simu, mwanamume mwenye sauti tamu alinieleza kwamba masomo yote ni ya WhatsApp, video kumi na mbili, na cheti kinatumwa pale pale. Nikamwuliza nitajifunza vipi kumgeuza mtu kwa simu. Akasema nitumie mto wa kulalia. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na vyuo hivi vilikuwa vinatembea mpaka mlangoni kwangu.

Na niseme ukweli, sisi wenyewe ndio tunaovilea. Kwetu shule hupimwa kwa mahafali. Ukitaka kujua kama chuo ni cha maana, unauliza kama wanavaa joho, kama kofia ina ule uzi wa kuning'inia, kama mpiga picha ni wao au unaleta wako. Jirani yangu mmoja ana picha tatu za joho ukutani, chini ya kalenda ya kanisa, na ukimwuliza alisomea nini huangalia picha kwanza. Mama yangu naye hajawahi kuwa na picha hata moja ya namna hiyo, kwa sababu mimi niliachia darasa la nane. Nilipotaja neno chuo, macho yake yaliwaka kwa mara ya kwanza tangu kile kijiko.

"Graduation iko?" akauliza.

Kwa hiyo tulikwenda kwenye chuo chenye joho. Kilikuwa Kawangware, ghorofa ya kwanza ya jengo ambalo chini lina duka la misumari na mabati, na juu kabisa lina kanisa. Mama alitoka chumbani siku hiyo. Alivaa gauni lake la Jumapili, akajifunika kitambaa kichwani, akawa anaweka mkono mdomoni kila tulipokutana na mtu. Mwenye jengo, mzee wa hapo tangu Kawangware ikiwa mashamba, alikuwa ameketi mlangoni juu ya kiti cha plastiki, amevaa koti la suti.

"Ingia, mathe, ingia. Hapa mtoto akitoka ni nusu daktari."

Mama alimwamini kwa sababu ya koti lake.

Huko juu kulikuwa na sakafu inayong'aa, msichana wa mapokezi mwenye kucha ndefu, na ukuta mzima wa picha za watu wenye majoho wakirusha kofia hewani. Ndani ya kabati la kioo alikuwamo mdoli wa kufundishia kupuliza pumzi na kukandamiza kifua, mweupe, mpya, bado amevikwa karatasi ya nailoni. Nilimwona nikasema moyoni, hawa watu wana vifaa. Msichana hakuniuliza nilisoma mpaka wapi wala ninataka kujua nini. Alitoa kipimio cha fundi cherehani akaanza kunipima mabega. Mama alishika upande wa pili wa kipimio. Alikuwa akicheka, na alisahau kuweka mkono mdomoni.

Basi nani angesema kitu? Nikaandikisha jina, tukakubaliana nitaanza wiki ifuatayo. Usiku mama alinipangia nitakavyosimama kwenye picha, na mkono gani utashika cheti. Nilicheka naye, na nilikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi ambayo hajaianza.

Kilichoniamsha ni gunia la makaa.

Kesho yake lori lilitushushia mzigo Silanga, na dereva alikuwa mgeni. Sasa, gunia la makaa lina siri yake. Mdomoni hupangwa vipande virefu, vizima, vyeusi vya kupendeza, vimefungiwa kwa kamba ili uvione. Mnunuzi mgeni hulipa akiangalia hapo. Sisi wa kazi hatuangalii mdomo. Tunaliinua gunia, maana likiwa zito sana limetiwa udongo au maji. Tunaligonga ubavuni tusikie kama makaa yanalia au yananyamaza. Kisha tunatoboa chini kwa kidole. Vumbi likitoka, unamwambia mwenyewe arudi nalo kwao. Nilikuwa nimetia kidole chini ya gunia la tatu, nimeshaanza kumtukana dereva kwa adabu, nikasimama hapo hapo na kidole ndani. Miaka tisa ninafanya kazi hii, na jana nilinunua chuo kwa kuangalia mdomo wa gunia!

Nilijikasirikia mpaka nikamwonea huruma dereva.

Mchana nilirudi Kawangware peke yangu, na vumbi la makaa mikononi. Nikamwomba msichana anionyeshe yule mdoli akiwa ametolewa kwenye nailoni. Akasema mdoli hatolewi ovyo, huchafuka, ni wa siku za wageni. Nikauliza wanafunzi hufanyia mazoezi wapi. Akaniita mwalimu, kijana mpole mwenye tai, naye akanieleza kwamba siku hizi wanatumia picha za ukutani. Sawa. Nikamwuliza swali langu moja, lile ambalo jibu lake nilikuwa nimelilipia kwa jino.

"Mtu akianguka na kifafa, mnafanya nini?"

"Kwanza unamshika kwa nguvu asijiumize," akasema. "Halafu unaweka kitu laini kwa mdomo. Si kijiko, kijiko ni makosa. Kitambaa kiko sawa."

Alisema kwa upole kabisa, na hakuwa mtu mbaya. Hata yeye aliuziwa mdomo wa gunia mahali fulani. Nikamwomba afute jina langu. Nikateremka ngazi huku mzee wa mlangoni akiniita, "Na joho, mathe? Joho limeshapimwa!"

Sikumwambia mama kitu siku hiyo. Nilimwambia mama wa mboga, jirani yangu wa Silanga, ambaye kibanda chake cha sukuma wiki na nyanya kinagusana na makaa yangu. Ni mwanamke asiyependa kutoa ushauri, ndiyo maana namwuliza yeye. Alipanga nyanya zake piramidi nzima kabla hajajibu. Kisha akasema mume wake, anayefanya kazi ya mjengo, alipelekwa na kontrakta wao kusoma kwenye ukumbi mmoja wa mabati hapa Kibera, nyuma ya kanisa.

"Alirudi goti zote zimechubuka," akasema. "Sijui kama hiyo shule ni mzuri. Lakini siku mtoto wa jirani alikwamwa na mahindi, yeye ndio aliitoa."

Nikaenda Jumatatu. Hakukuwa na mapokezi. Mlango ulikuwa wazi, na ndani watu kama kumi na watano walikuwa wamepiga magoti juu ya vipande vya katoni, wakitoka jasho. Midoli ilikuwa mitatu, na yote ilikuwa imechakaa: nyuso zimesuguliwa na dawa ya kusafishia mpaka rangi ya midomo imeisha, na mmoja kifua chake kilikuwa kimefungwa kwa utepe. Mwalimu alikuwa mama mfupi wa miaka hamsini na kitu, mwenye sauti ya kukwaruza, aliyefanya kazi ndani ya ambulansi miaka mingi kabla ya kufundisha. Alikuwa amemsimamia pasta mmoja mnene aliyekuwa akikandamiza kifua cha mdoli.

"Pasta, hapo umevunja mbavu na bado damu haijasonga. Toka. Utarudia wiki ijayo."

"Mwalimu, nimerudia mara mbili."

"Hata Petro alirudia mara tatu. Toka."

Darasa zima likacheka, pasta naye akacheka, akainuka akishika kiuno. Nikasema moyoni, hapa mtu anaweza kuanguka mtihani. Huenda likawa jambo dogo kwa mwingine. Mimi nilikuwa nimetoka mahali ambapo joho lilipimwa kabla ya somo.

Mwalimu alinionyesha barua yao ya usajili, kisha akanikataza kuiamini. "Karatasi hata hapo kwa cyber wanatengeneza. Enda ofisi ya afya na usalama kazini, uulize kama jina yetu iko kwa orodha yao. Uende leo, usinipigie simu." Baadaye nilikwenda kweli. Karani alipitisha kidole kwenye orodha, akakuta jina lao. Nikamwuliza pia kuhusu kile cha Kawangware, akatafuta mara mbili, akainua mabega.

Lakini wakati ule, kabla sijaenda popote, nilimwuliza Mwalimu swali langu. Mtu akianguka na kifafa, mnafanya nini? Badala ya kujibu aliniuliza ni nani kwangu anayeanguka. Sikuwa nimesema kuna mtu. Nikasema ni mama yangu.

"Sawa. Lala chini."

"Mimi?"

"Si wewe ndio umekuja kuuliza? Lala. Wewe ndio mama."

Nikalala kwenye katoni na sketi yangu ya makaa. Akawaita wanafunzi walioanza siku hiyo hiyo, akawaambia wafanye kama kwao. Niliambiwa nirushe mikono na miguu, nikaanza kuirusha kwa aibu. Wakanirukia. Mmoja alinikalia mapaja. Wawili walinikandamiza mabega mpaka katoni ikanichoma mgongo. Mtu alinibana taya akitafuta pa kuingiza kalamu, na mwingine, Mungu amsamehe, alinisogezea kiatu. Nilifungua macho nikaona nyuso tu, duara zima la nyuso limeniinamia, zote zinasema kwa pamoja, na juu yao mabati. Hewa ilikuwa haipiti. Sikuwa na ugonjwa wowote, nilikuwa ninaigiza, na bado nilitaka kumpiga mtu. Hapo ndipo nilipojua kwa nini mama aliona afadhali mto wa kwetu kuliko chumba changu.

"Basi, mwacheni," Mwalimu akasema. "Sasa wale wa wiki ya tatu."

Nikarusha tena. Hakuna aliyenigusa mikono wala miguu. Mmoja alisogeza benchi. Mmoja alikunja sweta lake akaliweka chini ya kichwa changu, mwingine akanilegezea leso shingoni. Mmoja alisimama anaangalia saa na kutaja dakika kwa sauti ya kawaida, kama anayengoja viazi viive. Nilipoacha kurusha, wakanigeuza ubavu polepole, mkono wangu ukawa chini ya shavu, mdomo ukielekea chini ili mate yatoke. Na msichana mmoja akachutama karibu na sikio langu akasema, "Uko salama. Umeanguka kidogo, imeisha. Tuko na wewe."

Nililia pale chini. Sikulia kwa adabu, nililia kwa kamasi. Mtu aliuliza anifanye nini.

"Mwache alie," Mwalimu akasema. "Kulia si dharura."

Nilikuwa nimepata chuo. Nilitoka pale na moyo mwepesi kuliko ulivyokuwa tangu lile jino. Kazi iliyobaki ilikuwa kumwambia mama.

Mama alisikiliza yote, mabati, katoni, pasta, midoli yenye nyuso zilizofutika. Mwisho akauliza, "Na joho?"

Nikasema hakuna joho. Wanapewa cheti mkononi, wanapigiwa makofi, wanakwenda kazini.

"Hata kofia tu?"

"Hata kofia, Mama."

Akanuna. Mama yangu akinuna hupika vizuri zaidi, ili ujue unachokosa, na wiki zile nilikula vizuri sana. Nilipokuwa nikifanya mazoezi nyumbani, nikamwomba alale chini nimgeuze, alikataa. Alisema kama ni hospitali ataenda hospitali, na kama ni mchezo yeye ni mtu mzima. Nikawa ninamgeuza jirani mwenye picha tatu za joho, ambaye alilala usingizi katikati ya zoezi.

Kusoma kwenyewe kulinipiga. Nilikwenda jioni tatu kwa wiki, nikitoka Silanga na vumbi la makaa mpaka kwenye nyusi. Nilijifunza kufunga jeraha, kumwosha aliyeungua kwa maji baridi badala ya kumpaka dawa ya meno, kumtolea mtoto kilichomkwama. Mtihani wa kwanza niliangushwa. Mwalimu alisema ninambembeleza mdoli, na mtu aliyesimama moyo hahitaji kubembelezwa. Nikarudia, nikapita, siku moja na pasta. Alinikumbatia utadhani tumeokoka pamoja. Cheti changu kiliandikwa jina na kupigwa muhuri, na nikaambiwa kitaisha baada ya muda, nirudi nipimwe tena. Nilipenda hilo.

Lakini miezi mitatu ilikuwa inakwisha, na mama hakuwa ameanguka tena, wala hakuwa amebadili nia. Dawa alikuwa anakunywa sawasawa. Alitazama cheti, akapitisha kidole juu ya jina langu, akasema ni kizuri. Halafu akaendelea kukunja nguo zake na kuzitia kwenye begi. Kusoma kwangu hakujamwondolea macho ya watu, alisema. Ijumaa ile ilibaki siku mbili asafiri, yaani Jumapili. Alisema atakuja Silanga kumuaga mama wa mboga, ambaye miezi yote alikuwa akimpelekea sukuma kupitia kwangu, bila kumjua hata uso.

Alikuja karibu saa nne asubuhi, kitambaa kichwani. Nilimpindulia debe la kupimia makaa akaketi, na mama wa mboga akamchagulia nyanya za safari. Walikuwa wakiongea habari za mvua ya huko kwetu. Nilikuwa nampimia mteja. Nikasikia mama amekatika katikati ya neno.

Nilimuwahi kabla kichwa hakijafika chini. Huo ni ukweli, na nitausema mpaka nife: nilimuwahi. Nikamlaza, nikasukuma debe kando kwa mguu, nikavua sweta langu nikaliweka chini ya kichwa chake. Nikaangalia simu, saa nne na dakika kumi na moja. Watu walianza kukimbia kuja, kama kawaida yetu, kwa maana hatuna ubaya, tuna kiherehere tu. Mwanamume wa kibanda cha chapati alikuja na kijiko amekishika juu.

"Mathe, weka hii haraka!"

"Rudi nacho," nikamwambia. "Hakuna mtu kuweka kitu. Hakuna mtu kumshika."

"Atakufa!"

"Hafi. Nimesomea hii."

Duara lilikuwa linajifunga. Niliona nyuso zile zile nilizoziona nikiwa kwenye katoni, na hili Mwalimu hakunifundisha, lilikuja lenyewe. Kwetu mwanamke akishikwa na uchungu wa kuzaa njiani, wanawake humzunguka na leso zao, na hakuna mtu anayetazama ndani. Nikasema kwa nguvu, "Mama wa mboga! Fungua leso. Wanawake wote, fungueni leso, mgeuke mtazame nje. Huyu ni mama yangu, si sinema."

Mama wa mboga hakuuliza. Alifungua leso yake, akanipa mgongo. Akafuata muuza samaki, kisha wateja wawili, kisha wengine sikuwajua. Wakashikana leso na leso, migongo yote kwetu, nyuso zote kwa watu. Wanaume wakasukumwa nyuma. Ndani tulibaki mimi na mama, na makaa, na kimya cha ajabu kwa Silanga ya saa nne. Niliangalia saa. Dakika moja. Dakika moja na nusu. Kama ingefika tano ningemtuma mtu atafute gari la hospitali, nilikuwa nimeshamchagua huyo mtu kwa macho. Dakika mbili na kitu, mikono ikalegea. Nikamgeuza ubavu. Mate yakatoka, pumzi ikaja, nzito, kisha nyepesi. Nikamshusha gauni likafunika magoti, nikamtandikia leso yangu juu yake. Nikachutama karibu na sikio lake nikamwambia yuko salama, ameanguka kidogo, imeisha, niko naye.

Nilihisi furaha mbaya, ile ya kutaka kucheka mahali pasipochekwa.

Alikaa muda kabla macho yake hayajatulia. Alinitambua. Kisha akatazama juu, akaona migongo. Migongo na leso pande zote, hakuna jicho hata moja.

"Nani amekufa?" akauliza polepole.

"Hakuna mtu amekufa, Mama."

"Sasa mbona wamegeuka?"

"Nimewaambia wageuke."

Aliigusa leso niliyomfunika, akaivuta vizuri, akatazama tena ile migongo, mmoja baada ya mwingine, hata wa yule muuza samaki ambaye alikuwa akimfokea mtu ajifanye hana macho. Nikamsaidia kukaa. Nikampindulia debe tena, akaketi juu yake, akaegemea gunia, akafuta mdomo kwa kitambaa chake bila kuuficha.

"Hii debe inaniumiza," akasema. "Jumatatu nikija, uniwekee kiti."

Nikamwambia kiti kitakuwepo.